Naambiwa nishukuru, na mume wangu kaanguka mkarafuuni

Swali: Shikamoo Padri. Naandika kutoka Pemba, vijiji vya huku Wete. Mume wangu ni mchumaji wa karafuu. Msimu huu, hata haujachanganya, tawi lilikatika naye yuko juu, akaanguka. Hakufa, lakini nyonga imevunjika, yuko kitandani, na daktari hakutuahidi kama atapanda tena. Kanisani kila anayenijia ananambia, "Mshukuru Mungu, wengine huanguka wakafa," halafu ananisomea "shukuruni kwa kila jambo". Majirani zetu Waislamu nao ukiwauliza hali, hata wana msiba, wanajibu Alhamdulillahi. Mimi neno halitoki. Nilitakiwa nisimame nitoe ushuhuda wa shukrani Jumapili ya mavuno, nikashindwa, nikatoka nje nikilia. Tena kabla ya msimu niliweka nadhiri mbele ya mzee wa kanisa kuwa nitatoa laki moja, na sasa hata ya mchele sina. Naogopa namlipa Mungu fadhila za punda. Imani yangu imekufa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na baba watoto.

Nianze na lile linalokuchoma zaidi. Huna deni la kumshukuru Mungu kwa sababu tawi lilikatika. Hakudai umwambie ahsante kwa nyonga iliyovunjika, wala kwa msimu uliokupita, wala kwa sauti unayoisikia usiku mumeo anapogeuzwa ubavu. Anachotaka kwako ni kweli: hiki kimeniumiza, na hiki umenipa, yote mawili kwa mdomo ule ule. Shukrani ya Mkristo ni maneno ya kweli mbele za Mungu. Ukisema usilolimaanisha ili watu wa kanisani waridhike, hapo ndipo ningeanza kuwa na wasiwasi na imani yako. Wewe ulitoka nje ukalia. Mimi kilio hicho nakihesabu kuwa ni sala.

Sasa tuufungue huo mstari uliosomewa, Wathesalonike wa Kwanza 5:18: "Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Barua ile ina sura 5 tu, unaweza kuisoma yote wakati sufuria iko jikoni, na nakuomba uisome yote. Paulo aliiandika baada ya kutolewa Thesalonike usiku, mji umechafuka kwa ghasia, kama Matendo 17 inavyosimulia. Alitaka sana kurudi kuwaona akashindwa. Anasemaje kuhusu kushindwa huko? Katika 2:18 anasema wazi, "Shetani akatuzuia." Hamshukuru Mungu kwa kizuizi. Sura ya 3 anakiri kuwa alifika mahali hakuweza kuvumilia tena, akamtuma Timotheo akamletee habari. Sura ya 4 anasema na waliofiwa, na hawakatazi kuhuzunika, anawaombea tu wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Mtu huyo huyo ndiye anayeandika "shukuruni kwa kila jambo". Na yeye mwenyewe anashukuru nini? Fungua 1:2: "Twamshukuru Mungu siku zote kwa ajili yenu nyote, tukiwataja katika maombi yetu." Anashukuru kwa ajili ya watu, na anawataja. Kwa hiyo ukifika 5:18 umeshaoneshwa jinsi inavyofanywa: hakuna hali ambayo Mkristo anakosa la kumshukuru Mungu, hata hali ile ambayo ndani yake Shetani anatajwa kwa jina.

Atakuja mtu akusomee na Waefeso 5:20, "kumshukuru Mungu Baba sikuzote kwa mambo yote". Wapo walimu wacha Mungu wanaoushika mstari huo hivyo hivyo, kwamba hata baya lishukuriwe kwa kuwa liko mikononi mwa Mungu. Nawaheshimu, ila siwafuati huko. Mistari michache tu kabla ya hapo Paulo ameziita siku zile kuwa ni za uovu, na katika sura ya 6 anawavika watu silaha wapigane na uovu huo. Huwezi kumwambia mtu ashukuru kwa kitu kile kile unachomwambia avae silaha apigane nacho.

Halafu mtazame Bwana mwenyewe, usiku wa mwisho. Usiku ule aliotolewa, anasema Paulo kwa Wakorintho, alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Yuda yumo katika habari ile. Yesu anashukuru kwa ajili ya mkate ulio mkononi mwake. Hamshukuru Baba kwa usaliti. Na baada ya saa chache, bustanini, anaomba kikombe kile kimwepuke, kwa huzuni nyingi kiasi cha kufa. Shukrani mezani, kilio bustanini, usiku mmoja. Kaburini kwa Lazaro ni vivyo hivyo. Yohana 11:35 analia machozi, na 11:41 anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Mistari 5 tu iko kati ya chozi na shukrani. Kwa hiyo anayekuambia ukilia huwezi kuwa unashukuru, mwombe akusomee sura hiyo.

Sisi Wakristo wa visiwa hivi tunalo kanisa linalotufundisha jambo hili kila Jumapili, kama tutakubali kufundishwa. Ukifika mjini Unguja, nenda Mkunazini. Pale palikuwa soko la watumwa. Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kulifunga, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu na ndiye aliyelitia Agano Jipya katika Kiswahili. Tumepokea kwa wazee kwamba altare imesimama pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu viboko, na sakafuni mahali hapo pamewekwa alama ya marumaru. Hapo ndipo padri anaposema, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu." Hakuna aliyewahi kusimama pale akamshukuru Mungu kwa ajili ya soko. Hakuna aliyethubutu kumwambia mtu aliyefunguliwa minyororo, akaenda kukaa Mbweni, kijiji cha walioachiwa huru, kwamba ashukuru kwa viboko. Lakini shukrani inatolewa papo hapo, juu ya mahali penyewe, na alama haikufutwa. Nimetoa misa pale mara nyingi na kila mara nayaona yote mawili pamoja, ubaya uliotendwa na wema wa Mungu, na sijaona kimoja kikimeza kingine.

Sasa hilo la "wengine huanguka wakafa". Wanaokuambia wanakupenda, usiwachukie. Wameona jambo limewashinda wakachukua neno lililo karibu. Lakini angalia neno hilo limesimama juu ya nini: limesimama juu ya maiti ya mtu mwingine. Na mke wa aliyekufa yeye ataambiwaje? Kwamba kuna nyumba walikufa wawili?

Aprili 1872, mwaka mmoja kabla ya soko kufungwa, tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu ikawa jina la Pemba. Mwenye shamba wa Pemba aliyeamka akakuta miti yake imesimama alikuwa na haki ya kumshukuru Mungu kwa miti yake. Lakini kama alimshukuru Mungu kwa kuwa ya Unguja imelala chini na bei itapanda, huyo alishukuru kwa hasara ya ndugu yake. Na wengi wa waliozichuma karafuu hizo zilizonusurika walikuwa watumwa, nao hakuna aliyewauliza wana la kushukuru au hawana. Yesu alituonesha sala ya namna hiyo katika Luka 18, ya yule Farisayo: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Maneno ya shukrani yamo kamili, na mtu yule hakurudi nyumbani amehesabiwa haki.

Kwa hiyo mshukuru Mungu kwa uhai wa mumeo kwa kuwa ni mumeo. Kwa kuwa bado anakuita jina lako, kwa kuwa watoto wanaingia chumbani wanamkuta baba. Huhitaji kumweka mtu mwingine kaburini ili hilo liwe neema.

Majirani zako na Alhamdulillahi yao. Naona umeandika kama mtu anayeona haya mbele yao, na nafikiri hapo unajionea. Ulimi uliozoeshwa tangu utotoni kumtaja Mungu kwanza, shibe au njaa, ni jambo jema, na sisi tuliokulia katikati ya watu hawa tumefaidika nalo. Wakristo Waarabu wa Misri na Lebanoni nao husema neno hilo hilo kila siku. Likikutoka kwa moyo, lisikupe shida. Lakini usifikiri jirani yako akisema hivyo basi haumii. Umemwona akiwa peke yake? Kumbuka pia wale wakoma 10 wa Luka 17. Wote walisimama mbali wakapaza sauti kuomba rehema, na hakuna hata mmoja aliyeshukuru kwa ajili ya ukoma. Aliyerudi kumshukuru Yesu kwa uponyaji ni mmoja, tena Msamaria, na Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Alimsifu mgeni mbele ya wenyeji. Ukiona shukrani nyumba ya jirani usione haya, jifunze kwake.

Umeniuliza kwa moyo, sasa nikupe la kufanya kwa mikono.

Kabla hujatafuta la kushukuru, mlalamikie Mungu. Chukua Zaburi ya 13, ni fupi, mistari 6. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti mumeo akiwa amelala, na ukifika kwenye "hata lini" ongeza ya kwako: hata lini atalala hivi, hata lini nitakopa mchele. Zaburi ile inamaliza kwa kumwimbia Mungu aliyetenda kwa ukarimu, lakini kama hujafika huko, ishia katikati. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, wala haikutolewa katika Biblia.

Halafu, kila usiku, taja jambo moja. Moja tu, na ulitaje lilivyo. "Bwana, nakushukuru kwa yote" ni sala nzuri kanisani, lakini kwa mtu aliye katika hali yako ni rahisi sana kujificha nyuma yake. Soma Zaburi ya 136 uone: mshairi hasemi Mungu ni mwema akaondoka. Anataja jua, mwezi, bahari, anataja hata wafalme wawili kwa majina yao, anamaliza kwa chakula. Nawe taja hivyo. Vijana waliomtoa shambani kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani. Mwanao aliyeanza kuchota maji bila kutumwa. Usiku ambao alilala bila kuugua.

Namfahamu mama mmoja hapa mjini, mjane, anakaanga muhogo jioni. Nilikula kwake siku moja, akaombea chakula. Alisema hivi, bila kubadilisha sauti: "Bwana, ahsante kwa nazi hii aliyonipa jirani. Mguu leo umeuma kuliko jana, nawe unajua. Ahsante na kwa mgeni. Amina." Tukala. Sijasikia mahubiri juu ya shukrani yaliyonifaa kama sala ile, maana hakuificha nazi kwa sababu ya mguu, wala mguu kwa sababu ya nazi.

Jambo utakalolitaja usiku, kama lina mtu ndani yake, asubuhi mwambie mtu huyo. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: tunamshukuru Mungu kwa chakula na aliyekileta hatumwambii kitu. Umesema huna mchele, lakini watoto wanakula, kwa hiyo kuna mkono. Ni nani? Bakuli la jirani kwetu halirudi tupu, unajua. Kama huna cha kutia, tia malimau mawili au fungu la mchaichai, upeleke mwenyewe, usimtume mtoto, na umwambie, "Siku ile tulikuwa hatuna kitu." Katika Walawi sura ya 7 sadaka ya shukrani ilikuwa na sharti: nyama yake iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza mnyama kwa siku moja. Ilimlazimu aite watu. Mungu aliiweka shukrani mahali ambapo huwezi kuitoa peke yako.

Na siku ambazo hata hilo moja halipatikani, nenda misani ukae tu. Hapo shukrani inasemwa na kanisa zima, na wewe ukiwa ndani yake hata kama mdomo umefunga. Usingizi ukikukimbia wiki baada ya wiki, au ukaona hutaki tena kula wala kuamka, nenda kituo cha afya ukawaambie hivyo hivyo. Moyo nao huugua, na tiba yake ipo.

Kuhusu mumeo: usimwambie ashukuru. Mwanamume aliyezoea kupanda, sasa anaoshwa kitandani, ana mengi kifuani asiyoweza kuyasema. Mwache akasirike. Kaa naye, na ukitaja lile jambo lako moja usiku, litaje kwa sauti anayoweza kuisikia, basi. Tena nendeni kwa sheha na ofisi ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mkaulize juu ya msaada kwa wachumaji walioanguka. Kufuatilia haki yenu si kukosa shukrani. Nasema hili kwa sababu nimeona watu wakinyamaza wakidhani ndiyo unyenyekevu, na watoto wao wanalala na njaa.

Ushuhuda kanisani hulazimiki. Kama siku moja utataka kusimama, sema ilivyo: mume wangu yu hai, nashukuru, hawezi kusimama, tunaumia, fulani na fulani wametusaidia, tuombeeni. Huo ni ushuhuda kamili. Mtu akitaka uongeze furaha ambayo huna, usimpe.

Limebaki la nadhiri. Nadhiri si jambo la mchezo, na nimefurahi kuwa hukuisahau. Lakini sheria yenyewe ilimkumbuka maskini. Walawi 27 inapanga fedha za kutolewa kwa mtu aliyewekwa nadhiri, halafu mstari wa 8 unasema kwamba aliye maskini asiyefikia kiwango hicho apelekwe mbele ya kuhani, naye kuhani amhesabie kwa kadiri ya uwezo wake. Na Paulo, katika Wakorintho wa Pili 8:12, anaandika juu ya mchango: "Kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Usikope ili utoe. Usiuze kitu cha watoto. Nenda kwa padri wako wa huko, mwambie hali yako yote, akuhesabie upya. Na kama atakuhesabia kibaba cha karafuu kavu, au kufagia kanisa Jumamosi moja, kubali, nadhiri yako itakuwa imetimizwa. Mzee wa kanisa akileta ugumu, mwoneshe mistari hiyo miwili. Asiporidhika, niandikie tena nami nitazungumza naye mwenyewe.